Chupa ya mwarobaini na karafuu: kisa cha mama lishe aliyedhani fizi zake zimepona

Mgonjwa ni mama lishe wa miaka 43, anapikia watu wa sokoni Dar es Salaam: asubuhi supu na chapati, mchana wali, ugali na maharage. Nakiandika kisa chake kwa ridhaa yake. Jina nimeliacha, na alama nyingine za kumtambulisha nimezibadili.

Hakuja kwa ajili ya fizi. Alikuja kwa sababu ya kidonda cheupe ndani ya mdomo wa chini, kilichokuwa kikimwasha kila akionja mchuzi, na kwa mama lishe kuonja mchuzi ndiyo kazi yenyewe. Fizi alizitaja mwishoni, tena kwa fahari: "Zilikuwa zinatoa damu daktari, lakini hizo nimeshazitibu mwenyewe." Akatoa mkobani chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa kimiminika cha rangi ya chai ya rangi, imebandikwa karatasi yenye orodha ya maradhi kuanzia jino bovu hadi vidonda vya tumbo.

Damu ilikuwa imeanza kama mwaka mmoja na nusu nyuma. Akipiga mswaki, mate yanatoka mekundu. Akaenda duka la dawa, akauziwa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, kiua bakteria, ya asilimia 0.2, akaelekezwa asukutue asubuhi na usiku. Hakuambiwa hadi lini, wala hakuna aliyemwangalia kinywani. Akaitumia karibu miezi minne. Wiki za mwanzo aliona nafuu. Kisha meno yakaanza kuwa ya kahawia, hasa kando ya fizi na katikati ya jino na jino, naye akaamini kwamba meno yanaoza. Jambo la pili lilimgusa mfukoni: alikuwa hasikii tena chumvi sawasawa. Alionja, akaona haijakolea, akaongeza. Mteja wake wa kila siku alirudisha maharage mara mbili, wengine wakahamia kwa jirani.

Hapo akaiacha. Mtu akamshauri aende akasafishwe meno, lakini dada yake akamkataza: ukisafishwa meno yanalegea. Akaangukia kwa muuza dawa za asili pale pale sokoni. Maelekezo yalikuwa mawili: sukutua kifuniko kimoja cha chupa bila kuchanganya na maji, na achana kabisa na dawa ya meno, kwa sababu eti kemikali zake ndizo zinazokula fizi. Miezi mitano baadaye ndipo akaja kwetu na kidonda.

Kabla sijasema lolote kuhusu chupa, nieleze nilichokikuta.

Harufu ya kinywa haikuwa mbaya. Karafuu ilitangulia kila kitu. Sehemu za mbele za meno zilikuwa na utando laini wa bakteria kidogo tu. Lakini nyuma ya meno ya chini ya mbele, upande wa ulimi, kulikuwa na ugaga, yaani utando uliogeuka mgumu, uliounganisha meno manne kama jino moja. Hapo ndipo ugaga hupenda kujijenga, kwa kuwa mirija ya tezi za mate zilizo chini ya ulimi na taya hufunguka jirani, na madini ya kwenye mate huugandisha utando. Mwingine ulikuwa kwenye magego ya juu, upande wa shavu, ambako nako tezi kubwa ya mate humwaga. Fizi za sehemu hizo zilikuwa nyekundu iliyoiva, zimevimba, zinang'aa.

Tulipopima kina cha nafasi kati ya fizi na jino kwa kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, mambo yakawa wazi zaidi. Fizi yenye afya humeza kipimo milimita 1 hadi 3. Kwake, magego kadhaa yalisoma 5, na gego moja la chini kulia likasoma 6. Karibu kila mahali tulipogusa, damu ilitoka. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeshuka kiasi kuzunguka magego hayo. Hili si tena uvimbe wa fizi pekee. Ni ugonjwa uliokwisha kushuka kwenye mfupa unaoshikilia meno. Sukari ya damu tulipima, kwa sababu kisukari na fizi ni ndugu, ikawa sawa. Hakuwa mjamzito, havuti sigara, hana dawa nyingine anayotumia.

Sasa swali lililonikalisha na kisa hiki: kama damu inatoka kila mahali ninapogusa, mbona yeye anaapa imekoma?

Nikamwomba apige mswaki mbele yangu, bila kumwelekeza. Akapiga vizuri sana sehemu za mbele, za kuonekana akicheka. Magego aliyapitia juu juu. Upande wa ulimi hakugusa kabisa. Nilipomuuliza, akasema aliambiwa aziache fizi zinazotoka damu zipumzike ili dawa ifanye kazi. Basi jibu likawa hilo. Damu haikukoma kutoka; mswaki ndio ulioacha kufika pale inapotoka. Karafuu nayo ilikuwa ikitia ganzi, kwa hiyo hata ule uchungu wa fizi ambao ungemtahadharisha ulinyamazishwa.

Nimeona nilisisitize hili kwa sababu watu wengi wanapima dawa ya kusukutua kwa kipimo cha damu tu. Damu inaweza kupungua kwa sababu tatu tofauti kabisa: fizi inapona, au haiguswi, au mtu anavuta sigara na mishipa imesinyaa. Ni ya kwanza tu ndiyo habari njema.

Turudi kwenye chupa. Niliiacha mezani tukizungumza, na baada ya dakika chache ikajieleza yenyewe: chini pakatuama tabaka jembamba la mafuta. Yalikuwa mafuta ya karafuu, ambayo ni mazito kuliko maji, na juu yake maji ya majani, machungu kama mwarobaini unavyojua kuwa. Mafuta na maji havikai pamoja. Kampuni zinazotengeneza dawa za kusukutua zenye mafuta ya mimea huweka alkoholi, au kitu cha kuyeyushia mafuta kisicho alkoholi, ili kila tone la chupa liwe na nguvu sawa na tone jingine. Chupa ya sokoni haina kitu hicho. Kila alipoimimina bila kuitikisa, mafuta yalibaki chini, na chupa ilipokaribia kwisha ndipo yalipoingia mabichi kwenye kifuniko.

Mafuta ya karafuu si mzaha. Sehemu kubwa yake ni yujenoli, na sisi wenyewe tunaitumia: tukiichanganya na unga wa oksidi ya zinki tunapata kiziba cha muda cha jino, na inatuliza maumivu vizuri. Lakini yakikaa mabichi kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, yanaunguza. Kile kidonda cheupe kilikuwa pale pale kimiminika kilipokuwa kikituama kabla hajaanza kusukutua, yaani kwenye bonde kati ya mdomo wa chini na fizi. Tabaka jeupe lilibanduka kidogo nilipolipangusa kwa pamba, na chini palikuwa pabichi. Niliandika kwenye faili: kuungua kwa dawa, aache kuitumia, tuangalie tena baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo si desturi tu ya karatasi. Doa jeupe mdomoni ambalo haliondoki baada ya kuondoa chanzo linapaswa kuchunguzwa, hata kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara. Kuna historia ya Marekani inayofaa kuwekwa hapa. Miaka ya 1980 na 1990 kulikuwa na dawa ya meno na ya kusukutua iliyoitwa Viadent. Sifa yake kubwa ilikuwa kiambato cha asili, sanguinarini, kinachotoka kwenye mzizi wa mmea wa Amerika Kaskazini wenye utomvu mwekundu, Sanguinaria canadensis. Dhidi ya bakteria wa kinywani haikuwa dhaifu. Kisha madaktari wakaanza kukutana na madoa meupe mahali ambapo si kawaida kuyaona, kwenye bonde la juu kati ya mdomo na fizi. Mwaka 1999 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 88 wenye madoa ya aina hiyo: zaidi ya asilimia 80 walikuwa wamewahi kutumia Viadent. Baadaye kiambato hicho kiliondolewa. Mmea ulikuwa wa asili mwanzo hadi mwisho wa habari hiyo.

Wala sisemi hivi kuwatetea wenye viwanda. Dawa iliyomharibia mama huyu ladha ya chumvi ilitoka kiwandani, ikiwa na kipimo sahihi na lebo sahihi. Klorheksidini ndiyo dawa ya kusukutua iliyopimwa kuliko zote. Mwaka 1970 mtafiti wa fizi Harald Löe na mwenzake Schiøtt walionyesha kwamba kusukutua mililita 10 za asilimia 0.2 mara mbili kwa siku kunazuia utando kujijenga hata kwa watu wasiopiga mswaki. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 51 zenye washiriki 5,345, yalithibitisha kwamba inapunguza utando kwa kiasi kikubwa. Lakini kwa watu wenye uvimbe mdogo wa fizi, nafuu ya fizi zenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba waandishi hawakuiona kuwa na maana kubwa kwa mgonjwa. Madoa yalijitokeza kwa walioitumia wiki 4 na zaidi. Kubadilika kwa ladha, hasa ya chumvi, kunajulikana siku nyingi. Kwa hiyo mama lishe hakuwa akijidanganya alipoilaumu. Chai kali anayokunywa kutwa nzima iliyazidisha madoa, na tena alikuwa akisukutua papo hapo baada ya dawa ya meno, wakati povu la dawa nyingi za meno hudhoofisha klorheksidini. Inafaa kupisha angalau nusu saa. Alipata madhara yote ya dawa na nusu ya faida yake. Mtu wa namna hiyo akikimbilia majani, nani wa kumshangaa?

Na majani yenyewe yana hoja. Listerine, ambayo wengi huiona kuwa kemikali tupu, tangu ilipotengenezwa mwaka 1879 imesimama juu ya mafuta na viini ambavyo asili yake ni mimea: thimoli ya zaatari na ajwaini, yukaliptoli ya mkaratusi, mentholi ya mnanaa na methili salisilati. Mwarobaini, manjano, shubiri na chai ya kijani vyote vimejaribiwa kwa watu, sehemu kubwa nchini India. Mwaka 2011 kulichapishwa utafiti wa India wa watu 100 uliolinganisha manjano ya asilimia 0.1 na klorheksidini kwa siku 21: kwenye utando klorheksidini ilishinda, kwenye uvimbe wa fizi zilikaribiana. Mwaka 2014 ukatoka mwingine wa shubiri, watu 300, ambao shubiri haikupitwa na klorheksidini katika kuzuia utando usijijenge upya.

Nasoma tafiti kama hizi kwa furaha, lakini kuna mstari mmoja ninaoutafuta kwanza, na mara nyingi uko kwenye sehemu ya mbinu ambayo wauzaji hawaisomi. Washiriki walianzaje? Katika ule wa shubiri walisafishwa meno kwanza yakawa hayana utando hata kidogo, kisha wakakaa siku 4 bila mswaki, wakisukutua tu. Tafiti nyingi za aina hii huanza hivyo, na nyingi ni za siku chache au wiki chache. Zinachojibu ni kama dawa inazuia utando mpya kwenye jino safi. Hazijibu kama dawa inaondoa ugaga wa miaka kwenye jino la mama lishe, au kama inashuka kwenye mfuko wa milimita 6 kati ya fizi na jino. Hayo hakuna dawa ya kusukutua inayoyafanya, iwe ya duka la dawa au ya mkeka wa sokoni. Utando ukishakomaa, bakteria hujifunika kwa gundi yao wenyewe, na dawa hupita juu. Kimiminika kinachosukutuliwa kinaingia chini ya ufizi kwa kiasi kidogo mno.

Nilipomweleza hivyo akacheka. "Kwa hiyo nimekuwa namwagia sufuria lenye ukoko maji ya sabuni, siligusi na steelwire?" Sikuongeza neno.

Kwa hiyo kosa la chupa ya karafuu, ukiacha kuunguza, halikuwa asili yake. Kazi yake ni ya pili, baada ya meno kusafishwa, ila iliambiwa ifanye ya kwanza, na klorheksidini kabla yake ilifanyiwa vivyo hivyo. Mtu akiniuliza asili au kemikali, namuuliza kwanza kama meno yamesafishwa. Kama bado, mjadala haujafika.

Zuio la dawa ya meno lilinikera kuliko chupa. Miezi mitano bila floraidi, kiambato cha dawa ya meno kinacholinda jino lisitoboke, kwa mtu ambaye fizi zimeshuka na mizizi ya magego inaanza kuchungulia, ni kukaribisha matundu mahali ambapo jino halina hata ule ugumu wa juu. Tulikuta doa laini kwenye mzizi mmoja. Muuzaji hakuwa na nia mbaya, naamini, alirudia anachokisikia. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake la kusajili waganga na dawa zao, kwa hiyo mahali pa kuuliza kama chupa imesajiliwa papo. Karatasi ya kwenye chupa hii haikuwa na namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha. Maji ya majani yaliyochemshwa bila kihifadhi, yakawekwa jirani na jiko la mkaa, sitaki hata kufikiri yalikuwa yakiotesha nini kufikia mwisho wa mwezi.

Matibabu hayakuwa ya ajabu. Ziara ya kwanza tulitoa ugaga wa juu ya ufizi na kung'arisha madoa ya kahawia, yakatoka yote. Aliomba kioo, akajitazama muda mrefu. Ziara mbili zilizofuata tulisafisha chini ya ufizi kwa ganzi, upande mmoja kila mara. Nilimtahadharisha mapema kuhusu ile hofu ya dada yake, maana ina chembe ya ukweli: ugaga ukishikamanisha meno unayafunga pamoja na kuziba nafasi, na ukiondolewa mtu huona mianya na kuhisi meno yanacheza. Kilicholegeza ni mfupa ulioliwa kabla. Asipoambiwa hivyo kabla, atatoka na ushahidi mkononi kwamba daktari ndiye aliyemlegeza.

Siku za mwanzo baada ya kusafishwa alisukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Sikumrudishia klorheksidini. Wapo wenzangu wangempa kwa wiki moja au mbili baada ya kusafisha, nao wangekuwa na sababu. Mimi niliona kwa mtu anayeishi kwa ulimi wake hasara ni kubwa kuliko faida. Mswaki laini, ncha zake zielekezwe kwenye mpaka wa jino na fizi, pamoja na upande wa ulimi, damu itoke isitoke. Dawa ya meno yenye floraidi, usiku bila kukosa. Katikati ya magego, vibrashi vidogo. Damu siku za mwanzo iliongezeka, akanipigia simu kwa wasiwasi, nikamwambia aendelee. Löe alikwisha kuonyesha mwaka 1965, kwa watu 12 wenye fizi nzima walioacha kupiga mswaki kwa makusudi: fizi zilivimba ndani ya siku 10 hadi 21, na waliporejea kwenye usafi zikapona ndani ya wiki moja hivi. Kwake ingechukua muda zaidi, kwa sababu alianzia mbali zaidi.

Kidonda cha mdomoni kilikuwa kimefunga tulipokiangalia baada ya wiki mbili. Hakikuacha doa.

Alitaka kujua kama kuna kitu cha mitishamba anachoweza kubaki nacho, nami sikuona sababu ya kumnyima. Mafuta ya karafuu mabichi hapana. Mafuta ya mwarobaini hapana, hasa kwa kuwa nyumbani ana mjukuu mdogo, na kuyameza kumewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Dawa ya kusukutua ya mafuta ya mimea iliyotengenezwa kwa kipimo, isiyo na alkoholi, sawa, akiipenda. Mswaki wa mti, ule wa Salvadora persica unaouzwa kwa mafungu nje ya misikiti, huo nilimsifia bila kusitasita: una viini vinavyoua bakteria, na zaidi ya hapo unasugua, jambo ambalo chupa haifanyi. Sharti ni asiutafune upande mmoja tu wala kuusukuma kwa nguvu kwenye ufizi ulioshuka.

Baada ya miezi mitatu tulipima upya. Sehemu nyingi zilizosoma 5 zilikuwa zimerudi 3 au 4, na damu ilitoka sehemu chache tu. Lile gego la chini kulia lilishuka kutoka 6 hadi 5, likaendelea kutoa damu. Mizizi yake inagawana mahali ambapo chombo kinafika kwa shida. Nimempa rufaa kwa bingwa wa fizi aamue kama ufizi wake ufunguliwe kwa upasuaji au lisafishwe tena. Alikubali kwenda, ila baada ya mwezi wa Ramadhani, kwa sababu wakati wa futari ndipo biashara yake inapokuwa nzuri zaidi.